Vikaratasi vya Haraka vya Phonie ya Panda

Watu wa Panda wakiulizwa nani aliwadanganya zaidi katika miaka ile mibaya, watawataja wanasiasa kwanza, halafu watanitaja mimi. Sijivuni. Wanasiasa walikuwa na redio na televisheni. Mimi nilikuwa na baiskeli, kalamu ya Bic na vikaratasi vilivyokatwa kwa wembe, na bado nilishika nafasi ya pili.

Naitwa Ruphin. Kabla ya kuwa mwongo nilikuwa mtu wa barua. Kwa miaka kumi na minne nilifanya kazi kwenye ofisi ya barua ya kampuni ya shaba hapa Likasi, Katanga, nikibeba matangazo ya wakubwa kutoka ofisi moja hadi nyingine ndani ya mfuko wa ngozi. Nilijiona mtu mzito. Wahandisi wenyewe walisimama kunipokea, au ndivyo nilivyodhani. Martine, mke wangu, husema walisimama kunyoosha mgongo. Halafu kampuni ikaanza kuanguka. Mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine, mshahara ukawa hadithi ya zamani, na wakubwa wakakosa la kutangaza. Nikawa mtu wa barua kwenye nyumba isiyo na barua. Posta nayo ilikuwa haipeleki tena kitu.

Kilichobaki ni phonie. Kwa wasioikumbuka, phonie ilikuwa redio ya kutuma na kupokea sauti, mashine isiyozidi sanduku la viatu, iliyokula umeme wa betri ya gari na kutegemea waya mrefu uliofungwa kati ya milingoti miwili nyuma ya nyumba. Ukitaka kuongea na ndugu yako aliye Mbujimayi, phonie ya huku iliiita phonie ya kule, ikapangwa siku na saa. Saa hiyo tuliiita vacation. Sharti wewe uwe umeketi kwenye benchi huku, na ndugu yako ameketi kwenye benchi kule. Akikosa mmoja, mwenzake anabaki kuongea na makelele ya hewani. Ukimaliza kusema ulitamka À vous, yaani zamu yako, ndipo mwenzako ajibu. Na yeyote mwenye mashine kwenye masafa yale, tangu Kolwezi hadi Kananga, alisikia maneno yenu yote, hata ugomvi wa mahari.

Mwaka 1995 Papa Urbain, fundi umeme mstaafu aliyekuwa na phonie nyumbani kwake Panda, mtaa wa wafanyakazi wa Likasi, alinichukua kazini kwa sababu nilizijua njia zote za kambi za wafanyakazi. Kazi zangu zilikuwa mbili: kushika kipaza sauti, na kupeleka avis. Avis ilikuwa kikaratasi chenye jina la mtu, avenue yake, yaani barabara anayokaa, anayemwita ni nani, siku gani na saa ngapi. Nilikikunja mara mbili na kumkabidhi mwenyewe mkononi.

Ni vigumu kueleza heshima ya kikaratasi kile. Mwaka 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, wakaondoka kwa treni, na tangu hapo nusu ya nyumba za Panda zilikuwa na mtu upande wa pili. Avis ilikuwa sauti ya mtu huyo. Inaweza kuwa mtoto kazaliwa, inaweza kuwa kilio. Mama akiniona nashuka kwenye baiskeli aliacha ugali ukiungua. Wanaume waliokuwa wakicheza dama walisimama mpaka nipite. Naona aibu kusema, lakini nilipenda sana. Nilikuwa nimerudi kuwa mtu ambaye wengine husimama akifika.

Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha shimo, ataingia mwenyewe. Shimo langu liliitwa Camille. Alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu wa Kasenga, amepanga chumba cha mbele cha nyumba ya Papa Urbain, na magunia yake yalikuwa yananuka mpaka kwenye benchi letu la kungojea.

“Ruphin,” aliniambia siku moja, “weye unaingiaka mu kila nyumba ya Panda. Minye, bantu banapitaka tu na kufunga pua. Ju ya nini haubapelekee avis ya samaki yangu?”

Alisema angenilipa kwa samaki. Nilijifanya nafikiri. Sikufikiri.

Mara ya kwanza niliandika ukweli, mjue hilo. Niliandika: Samaki wa Kasenga wamefika kwa Camille. Nikapeleka vikaratasi hamsini kwa watu walioandikwa kwenye daftari la phonie. Walivifungua pale pale mlangoni, wakasoma, wakaniangalia, wakacheka kwa adabu. Hakuna aliyekuja. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeudhika na watu hawa wasiojua kitu kizuri.

Ndipo akili yangu, ile iliyonifikisha darasa la tatu la sekondari na kunirudisha, ikafanya kazi. Juu ya kikaratasi nikaandika HARAKA kwa herufi kubwa. Chini yake: Unaitwa phonie, Jumatano saa nne. Basi. Si uongo, nilijiambia. Samaki anaharibika, kwa hiyo ni haraka. Na wanaitwa kweli, wanaitwa kwenye baraza ya phonie. Padiri wangu ningemweleza hivyo hivyo, kama ningekwenda kuungama, na sikwenda.

Tena majina hamsini hayakunitosha. Kwenye matanga yetu huwekwa daftari mlangoni, kila anayekuja kuwafariji wafiwa anaandikwa jina na avenue yake, ili familia ijue nani alikuja, nao waende kwake siku ya kilio chake. Wiki ile alifariki msimamizi mmoja wa zamani wa kiwanda, mtu aliyependwa, na kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri walinipa mimi daftari. Niliandika majina mia mbili na zaidi kwa huzuni kubwa. Mkono wa kushoto ulikuwa unanishikia kikaratasi kwenye goti, chini ya meza, na kila jina nililiandika mara mbili. Marehemu alikuwa bado ndani, hatujampeleka makaburini.

Jumatano ile saa nne sitaisahau. Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja amejifunga kikwembe cha kitenge kiunoni, analia, na nyuma yake avenue nzima inamsindikiza kwa kilio. Walikuwa wameshaamua nani aliyekufa. Nyuma yao mzee amevaa tai. Halafu bwana mmoja aliyekuja akikimbia toka kazini na kofia ya chuma kichwani. Baraza ilijaa, ua ukajaa. Nikapanda juu ya kiti, nikakohoa, nikawaambia samaki wamefika.

Nilitegemea kupigwa. Na wachache walinisogelea kwa nia hiyo. Lakini mtu aliyedhani mama yake amekufa, akaambiwa ni samaki tu, ananunua samaki. Walinunua kwa furaha, wakikumbatiana. Yule mama wa kikwembe alichukua fungu zima na kunibariki. Kufika saa sita Camille alikuwa anakunja magunia matupu, na mimi nilikuwa nimejihakikishia kwamba nimegundua sayansi.

Jioni nilimweleza Martine, nikingoja sifa.

“Ile bantu,” aliuliza, bila kuacha kuchambua sombe, majani ya muhogo, “ulibauliza kama banataka kuitwa?”

“Kubauliza nini? Minabaletea bintu ya muzuri.”

“Hata kama ni ya muzuri. Ku nyumba ya muntu banapigaka odi kwanza.”

“Minapigaka odi.”

“Unapigaka odi ya phonie, halafu unaingiza samaki,” alisema. “Ile haiko odi, Ruphin. Ile ni kuvunja mulango.”

Nilimwambia hajui mambo ya biashara. Alisema ni kweli, hajui, akapika samaki wa Camille na kumla kwa raha zake.

Ilikuwa kila wiki sasa. Camille aliwaambia wenzake, wakaja: muuza dawa ya kiuno, mshona suti, mtu mwenye chumba cha maombi aliyetaka waumini. Vikaratasi vilifika mia tatu kwa wiki, vyote HARAKA. Nilisahau jina la mwanangu wa mwisho siku moja, lakini majina ya daftari la matanga niliyajua kwa moyo.

Siku moja akaja Papa Albert, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima anayevaa soksi hata kiangazi. Alivua kofia.

“Ruphin, minakulomba kintu moja. Toa jina yangu mu liste yako. Niko na binti Kananga. Kila avis inanikata roho. Kama haiko ye, usinipelekee.”

Nilimwitikia kwa heshima, nikamfikisha mpaka njiani. Halafu nikarudi na kuweka alama ya msalaba mbele ya jina lake, maana yake: huyu anasoma. Wengi huwezi kujua kama wanafungua au wanatupa. Huyu alikuwa amekuja kwa miguu yake kuthibitisha. Tangu siku ile nilimtumia mbili mbili.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na mteremko. Kufika mwanzo wa 1996 watu hawakukimbia tena. Avis zikawa za kuwashia mbabula, jiko letu la makaa. Mama mmoja aliipokea na kufungia karanga mbele ya macho yangu, bila kuifungua, akamuuzia mteja. Nikipiga hodi nilijibiwa kutoka ndani na sauti nzito ya mwanaume kwamba mwanaume wa nyumba amesafiri. Kwenye geti moja waliandika kwa makaa: Avis hapana. Nilidhani ni wivu. Niliongeza neno, nikawa naandika HARAKA SANA.

Sasa nifike kwa Mama Orpha, maana kila siku nikisimulia haya nacheka mpaka hapa, halafu nasimama.

Mama Orpha ni Musanga, mwenyeji wa hapa hapa. Mume wake alikuwa mtu wa Kasai, alikufa zamani, akamwachia mtoto mmoja, Déogratias. Mwaka wa treni Déo alikuwa na miaka ishirini na jina la baba yake, kwa hiyo aliondoka. Mama hakuondoka, walidhani ni majuma machache. Tangu phonie ya Papa Urbain ifunguliwe, Mama Orpha alikuja kila Jumamosi kuuliza kama kuna kitu cha kwake. Alitoka mwisho wa kambi, kwenye njia ya Kamatanda, kwa miguu, na goti lake moja lilikuwa bovu. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye daftari la phonie. Kwa hiyo lilikuwa la kwanza kwenye orodha yangu pia.

Nilimtumia HARAKA mara sita tu, kwa kuwa mwisho wa kambi ni mbali. Mara tatu alikuja mbio, kwa goti lile. Mara ya kwanza aliangalia magunia na kucheka pamoja na wengine. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu aliketi kwenye benchi muda mrefu akipumua, akaniangalia. Avis ya nne aliirudisha kwa jirani. Ya tano na ya sita sijui alizifanyaje. Na Jumamosi hakuja tena kuuliza.

Siku ya Ijumaa, mwezi wa Juni, kwenye baridi ya kiangazi, Mbujimayi iliita. Niliandika neno kwa neno. Déogratias, kwa mama yake Orpha. Kesho Jumamosi saa nne asubuhi. Jumapili alfajiri anaondoka na wenzake kwenda Tshikapa, na kutoka huko wanavuka mpaka kutafuta almasi Angola. Baada ya kesho hakuna phonie. Mama aje.

Nilikimbiza baiskeli kama wakati ule nilipokuwa mtu mwaminifu. Nilimkuta uani, anafua.

“Odi, Mama.”

Hakusema karibu. Nilisimama kwenye geti.

“Mama Orpha, hii ni avis ya kweli. Ni ya Déo. Anakuita kesho saa ine.”

Alikamua shuka mpaka maji yote yakaisha, akaianika kwenye kamba.

“Mbele ulikuwa unaandika haraka tu,” alisema. “Sasa unaweka na jina ya mutoto yangu.”

“Mama, minaapa.”

“Usiape. Ulishaka kuniua mara tatu, nikafufuka. Enda, Ruphin.”

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya hasira, hasira ningeiweza. Nilimnyooshea kikaratasi juu ya geti. Alikipokea kwa heshima, kwa mikono miwili kama tunavyofundishwa, na kukitia kwenye beseni la sabuni. Wino wangu ukatoka wote.

Niliwaomba majirani wanisaidie kusema naye. Mmoja aliniuliza safari hii samaki ni wa wapi. Nikaenda kwa Papa Albert, kwa kuwa Mama Orpha alimheshimu. Alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha kuketi.

“Nilikulomba kintu moja tu,” alisema. “Unakumbuka?” Akafunga mlango polepole.

Jumamosi saa nne kamili, benchi lilikuwa tupu. Papa Urbain aliketi karibu yangu na mikono mapajani. Sauti ya Déo ilikuja safi, safi kuliko nilivyotaka.

“Panda, Panda. Ni minye Déogratias. Mama eko pale? À vous.”

“Anakuya, Déo. À vous.”

Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho kwenye kazi ile, na hata huo haukuwa na haya. Tulingoja. Dakika kumi, dakika ishirini. Aliita tena, nikaurudia uongo ule ule na kuongeza goti lake. Aliporudi mara ya tatu sauti yake ilikuwa imebadilika.

“Muniambie kweli. Mama alikufa? À vous.”

Papa Urbain aliniangalia. Nilibonyeza kipaza sauti. Nilijua Kolwezi inasikia, Kamina inasikia, Kananga inasikia, na mtu mwingine yeyote mwenye betri nzima siku ile.

“Mama yako eko muzima, Déo. Eko ku nyumba. Hakukatale weye, anakatala avis yangu. Minye nilimutumia avis ya uongo mara sita, nikamuita haraka, akakuta samaki ya kuuzisha. Mara tatu alikuya mbio. Sasa hanisadiki tena, na eko na haki. À vous.”

Hewa ilinguruma. Kisha ikaingia sauti nyingine, nene, isiyoalikwa.

“Panda, Kolwezi hapa. Kumbe ni weye ule wa samaki? Shemeji yangu wa kule ulimufanya avae matanga bule. À vous.”

“Kolwezi, tafazali, nyamaza kidogo,” alisema Déo. Nilimsikia anavuta pumzi. “Panda, sikia. Enda umuambie hivi: mayai ya padiri, haikukuwa paka. Ni ye na minye tu tunajua. Atakuya. Nitangoja mpaka batri ya huku itakatala. À vous.”

Sikumuuliza maana yake. Niliipata baadaye: akiwa na miaka saba Déo aliiba mayai ya kuku wa misheni, mama yake akamwambia padiri ni paka, na paka wa watu akapata adhabu. Siri ya miaka kumi na sita, na sasa jimbo zima lilikuwa nayo.

Nilifika kwenye geti lake bila pumzi. Sikupiga hodi, Mungu anisamehe, nilipiga kelele tu pale njiani, mbele ya watu waliokuwa wameanza kutoka kuangalia: “Mama Orpha! Déo anasema mayai ya padiri, haikukuwa paka!”

Mlango ulifunguka kabla sijamaliza. Alitoka bila viatu. Alipanda nyuma ya baiskeli kwa upande kama wanavyokaa akina mama, akanishika mkanda wa suruali. Barabara ya kurudi inapanda. Sijawahi kukanyaga vile, nilihisi moyo unataka kunitoka mdomoni, na nilikuwa namwomba Mungu akitaka anichukue, lakini anichukue tukishafika.

Papa Urbain alikuwa amesimama, kipaza sauti mkononi.

“Amekatika sasa hivi,” alisema. “Alikuwa anasema, sauti ikawa kidogo, kidogo, ikaisha. Haipite dakika tano.”

Aliita tena na tena. Mbujimayi haikujibu. Betri yao ilikuwa imekataa, na hewa ya mchana ilikuwa imeshachafuka. Papa Urbain alikuwa ameandika maneno ya mwisho ya Déo kwenye kikaratasi, akayasoma kwa sauti ndogo: Mama asihame nyumba. Nikivuka nitaita.

Mama Orpha alikaa kwenye kiti changu. Alinyoosha mkono, akachukua kipaza sauti kutoka kwa Papa Urbain, akakiweka karibu na mdomo. Hakujua kwamba kuna kitufe. Nilimbonyezea.

“Déo,” alisema, “nilikuya.”

Alingoja. Tulisikia makelele tu. Akasema mara ya pili, sauti ile ile, halafu akarudisha kipaza sauti mezani kwa uangalifu, kama kitu cha mtu.

Niliomba anitukane. Nilisema kwa mdomo kabisa: Mama, nitukane. Alikuwa anajifuta povu la sabuni kwenye mikono kwa kikwembe chake.

“Leta daftari ya mupya,” alisema. “Andika. Orpha anakubali kupata habari ya mutoto yake. Mchana, usiku, hata mvua. Ingine yote, hapana. Andika vile vile ninasema.”

Niliandika. Alisoma, akatia alama yake mbele.

Ndiyo iliyokuwa sheria ya phonie ya Papa Urbain tangu siku ile, na watu hudhani niliitunga mimi kwa busara. Nilizichoma orodha zote kwenye mbabula, ile ya matanga kwanza. Nikapita nyumba kwa nyumba, nikisimama nje ya geti mpaka mtu aseme karibu, nikiuliza: unataka avis ya nani, ya jambo gani? Aliyekubali nilimrudia siku ya pili aseme tena akiwa ametulia, ndipo anatia alama. Aliyesema hapana sikumuuliza kwa nini. Aliyetaka kutoka alitoka siku ile ile, naye anaona kwa macho nikimfuta. Kutoka mia tatu nilibaki na watu kumi na tisa. Camille alihamia sokoni, na aliuza vizuri kuliko zamani, bila msaada wangu. Papa Albert alikuwa wa ishirini, baada ya miezi minane. Aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wa ubaoni: Binti yangu tu. Na nilipompelekea avis ya binti yake alitoka mbio na soksi zake, nikalia barabarani kama mjinga.

Wale ishirini wakawa arobaini, wakawa sitini. Kila avis ilifunguliwa. Papa Urbain alijisifu kwamba hakuna phonie nyingine katika Katanga nzima ambayo mtu akiitwa, anakuja. Alisema kweli. Nilijaza kurasa zote za daftari lile, mbele ya kila jina nikiandika tarehe ya avis niliyopeleka, na mpaka siku mashine ilipouzwa hakukuwa na mtu kwenye daftari asiye na tarehe, isipokuwa mstari wa kwanza, wa Orpha.

Mama Orpha hakuhama. Siku hizi nikienda mjini nazunguka kwa avenue ya nyuma, ingawa ni mbali. Nikipita mbele ya nyumba yake, anasimama na kuangalia mikono yangu.